Mbele ya Jiwe la Saba

Kabla hamujaniuliza: hapana, sijafika mwezini, wala kwenye Mars, wala sijapanda hata ndege ya kwenda Lusaka. Kazi yangu yote ya mambo ya anga niliifanya kwa miguu, kwenye muchanga na majiwe ya ziwa Mweru, kati ya Kabuta na Nchelenge, mukono mumoja ukishika kamba na mwingine ukishika kalamu.

Ofisini waliniaga kazi juma lililopita kwa keki na maneno mingi ya Kiingereza. Walisoma jina la cheo changu, refu sawa treni ya mizigo, na sitalirudia hapa. Nyinyi vijana wa vipimo njo mulinifuata mulangoni mukaniomba niwaandikie kazi ilikuwa namna gani zamani, na kwa nini kwenye kaye zetu, yale madaftari ya kazi, ni mwiko kuandika "mbele" na "nyuma." Mulikuta ile sheria imebandikwa ukutani, mukadhani ililetwa na wazungu. Wazungu hawakuleta kitu. Ile sheria ni yangu, na aliyeilipia ni mutu mwingine. Nitafika pale. Lakini nitaanza pale fasi mambo yalianzia, juu ya sababu mutu mwenye haraka hana faida kwenye kazi yetu.

Nilikuwa mushonaji. Tulivuka kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, vita vikitufukuza, tukapewa kiwanja kwenye kambi ya wakimbizi, na mimi nikapata cherehani ya kukanyaga. Siku moja likaja tangazo kwamba kule ziwani kuna wazungu wanatafuta mupishi. Nikaenda. Metere ya kushonea ilikuwa bado shingoni, nilisahau kuivua. Mukubwa wa mradi, muzungu murefu ambaye kila mutu alimuita Bwana Kofia juu ya kofia yake ya nyasi, hakuuliza hata kama najua kupika. Alitazama shingo yangu, akauliza kwa kupitia mukalimani kama najua kusoma ile kitu. Nikamwambia nimevalisha kwaya nzima ya kanisa na hakuna sketi iliyorudishwa. Akaniandika kazi siku ile ile. Kwa hiyo mukisikia watu wanasema kazi ya anga inataka vyuo na vyuo, mukumbuke kwamba Mama Feza aliingia kwa shingo.

Mutambo wenyewe niliuona kesho yake. Nilitegemea kitu cha kutisha. Kumbe ni kameza kenye magurudumu sita na shingo ndefu, na juu ya shingo macho mawili ya kamera, yanaangalia chini sawa mutu aliyeangusha sindano. Jina lake la karatasi lilikuwa la Kiingereza, herufi kubwa tupu. Sisi tuliuita Kipofu, na jina likakaa.

Kazi ya Kipofu ilikuwa kujua amefika wapi bila kuambiwa na mutu. Kule Mars watakakomupeleka hakuna barabara wala satelaiti ya kumuonyesha njia, na magurudumu ni waongo: kwenye muchanga laini yanazunguka fasi moja, na yenyewe yanahesabu safari. Basi Kipofu anapiga picha ya chini, anachagua alama ndogo ndogo, hapa ncha ya jiwe, pale doa, anaenda kidogo, anapiga picha ingine, anaangalia zile alama zimesogea kiasi gani. Kwa vile njo anajua ametembea kiasi gani. Mutoto wa miaka mitatu anafanya vile kila siku akienda chooni, lakini mutoto hapewi kompyuta sita na malori mawili.

Walichagua Mweru juu ya majiwe yake. Kwenye karatasi zao waliandika kwamba hii ni ardhi mbaya isiyo na watu. Siku ya kwanza ya majaribio, katika ardhi isiyo na watu, tulipitwa na baiskeli nisizoweza kuhesabu zenye mizigo ya samaki, tukasimama kupisha mazishi, na mama mumoja akamusimamisha Bwana Kofia kumuuliza kama ananunua mihogo. Bwana Kofia aliandika kwamba kumetokea usumbufu. Yule mama alisema vilevile.

Aliyenifundisha kazi si wao. Alikuwa Tata Chola, Mubemba wa Kabuta, muzee wa maneno machache, ambaye alipima viwanja vya watu tangu ujana wake. Nusu ya mipaka ya Kabuta ni vigingi vyake. Watu wakigombana juu ya hatua mbili za mihogo, walimuita yeye kabla ya kwenda kwa chifu. Alikuja na kamba yake na timazi ya chuma iliyoshika kutu, na alipoondoka ugomvi ulikuwa umekwisha. Mradi ulimuchukua ili aseme ukweli: Kipofu akisema nimefika hapa, Chola anapima kwa mukono kama ni kweli, na mimi nashika upande mwingine wa kamba na kuandika kwenye kaye. Wazungu waliiita kaye yetu "ukweli wa chini." Ukweli wa juu sijui walimuachia nani.

Yale aliyonifundisha nayaandika hapa, juu ya kwenye kompyuta zenu hayamo. Kamba ya katani ikilowa inafupika. Ukipima asubuhi na umande, unadanganya mpaka saa ine. Nailoni inavutika, usiiamini hata ikiwa mupya. Usipake rangi jiwe kwenye upande mbuzi wanajikunia. Ukishika mwisho wa kamba, nyamaza, juu ya mutu anayeongea anasogeza mukono. Na kioo cha kamera hakipanguswi na nguo yoyote. Injinia mumoja alikipangusa na shati lake, shati likiwa na muchanga, akaacha mukwaruzo. Kipofu akatembea juma nzima akiuona ule mukwaruzo fasi ile ile kwenye kila picha, akaapa kwamba hajasogea hata hatua moja. Wakabadilisha magurudumu.

Kisa kilichonifungua macho kabisa kilikuja mwezi wa pili. Kipofu alikuwa amesimamishwa karibu na fasi wamama wanaanika chisense, wale samaki wadogo wa ziwa, wametandazwa kwenye muchanga wanang'aa. Magurudumu yamefungwa. Lakini yeye akaanza kuandika kwamba anateleza kwenda kushoto, polepole, bila kukoma. Mainjinia wakalaumu upepo. Wakalaumu joto. Wakafungua tumbo lake, wakatoa waya, wakarudisha waya, siku tatu. Siku ya ine Tata Chola akaenda kwa wale wamama, akawasalimia vizuri mumoja mumoja, akawaomba waache kugeuza samaki kwa muda wa kunywa chai. Wakaacha, na Kipofu akaacha kuteleza. Kumbe alikuwa ameweka alama zake zote kwenye samaki. Samaki wakivutwa na reki, anadhani ni yeye njo anakwenda. Mainjinia wakaandika ripoti ndefu yenye picha. Jina la Chola halikuwemo, na la wamama pia. Chisense walitajwa.

Halafu akaja Injinia Rajabu. Alikuwa mutu wa pwani, kijana wa viatu safi na Kiswahili cha kwenye kitabu. Kazi yake ilikuwa kusoma kaye yangu kila jioni na kuipeleka kwa wakubwa kwa Kiingereza, juu ya mimi Kiingereza sikuandika, na Kifaransa changu pale hakikuwa na mununuzi. Kaye ilirudi imejaa wino mwekundu. Niliandika mutu, akakata akaandika mtu. Muchanga akafanya mchanga. Ao akafanya au. Alinieleza kwa upole mukubwa, sawa mutu anayefundisha kuku kuogelea, kwamba Kiswahili chetu cha Kongo kimeharibika. Nikamwambia kile kilichoharibika njo tulilia nacho, njo tulikimbia nacho, na tulifika. Akasema hata hivyo, mama, mtu ni mtu. Sikubishana. Nyani haoni kundule, na mwenye kalamu nyekundu haoni kitu kingine zaidi ya herufi.

Sasa musome polepole. Tulikuwa na chombo cha satelaiti cha kuhakikisha vipimo vya Chola. Siku tulipovuka kwenda Kilwa, kisiwa cha mule mule Mweru, kuangalia majiwe yake, kilianguka ndani ya mutumbwi, kikanywa maji, kikatumwa kwao kutengenezwa, na mpaka leo kinatengenezwa. Ukweli wote ukabaki kwa kamba. Tulichagua majiwe kumi na mawili kwenye njia ya kushuka ziwani, tukayapa namba kwa rangi nyeupe. Kawaida ya Chola ilikuwa hii: Kipofu anaachwa apite jiwe, anasimamishwa, halafu tunapima kutoka jiwe mpaka yeye. Chola alitangaza kwa Kibemba, "ku ntanshi," ni kusema mbele, na kipimo chake. Mimi nikaandika kwa Kiswahili: mita moja na nusu mbele ya jiwe la saba. Rajabu akaligeuza Kiingereza. Neno moja lilivuka mipaka miwili, na hakuna aliyeliomba karatasi.

Mwisho wa mwezi Rajabu akalinganisha kaye na Kipofu. Tofauti ilikuwa karibu ile ile kwa kila jiwe: Kipofu anajidai amefika mbali zaidi kuliko kaye inavyosema, kama mita tatu. Mushonaji yeyote angeshtuka pale. Ukikata nguo vibaya, mukono mumoja unazidi na mwingine unapungua. Nguo ikizidi sawa sawa kila fasi, kosa haliko kwenye mukasi, liko kwenye kipimo ulichoambiwa. Lakini Rajabu alifurahi, juu ya kosa lenye adabu ni rahisi kutengeneza. Alikaa siku mbili na Bwana Kofia, wakamufundisha Kipofu kutoa mita tatu kwenye hesabu yake. Ni kusema, akiwa amekwisha kufika, aamini bado hajafika. Hakuna aliyetuuliza kitu, mimi wala Tata Chola.

Jaribio lililofuata lilikuwa kwenye korongo, pale maji ya mvua yamekata ardhi kabla ya kufika ufukweni. Kipofu aliamriwa asimame mita mbili kabla ya ukingo. Ile kazi yake ya kujikinga na mashimo waliizima siku ile, ili wapime hesabu yake peke yake. Alikuja vizuri, shingo juu, akafika ukingoni akiamini bado ana mita za kutosha, akaendelea kutembea kwa heshima yote mpaka akapinduka. Chini ya korongo mama mumoja alikuwa ameinama juu ya samaki wake. Alisikia majiwe yakishuka, akaruka. Gurudumu lilianguka pale alipokuwa ameinama. Alibaki na mukwaruzo mukononi na matusi ya kututosha mpaka Krismasi, na yote yalikuwa haki yetu.

Kesho yake asubuhi tukaitwa kwenye mukutano. Walikuwa wamegundua kwamba hesabu ya Kipofu, kabla hawajamutengeneza, ilikuwa sawa. Kwa hiyo aliyekosea ni kaye. Kaye ilitoka kwenye kamba, na kamba ilikuwa ya Chola. Rajabu akamuuliza umri wake. Akamupa metere, akamwambia asome namba. Tata Chola akaingiza mukono mufukoni, akatoa miwani, na mambo yakaishia pale, kwenye ile miwani. Hakuna aliyengoja asome. Bwana Kofia akasema kwa huzuni ya ofisini kwamba muzee amefanya kazi kubwa, sasa apumzike. Kwenye ripoti wakaandika: kosa la binadamu, mupimaji haoni vizuri. Chola akakunja kamba yake, akasema "ee mukwai," ndiyo bwana, kwa ile heshima ya Kibemba ambayo hawakustahili, akaondoka.

Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha tatu, kaye iko mapajani. Nilijua kamba haikukosea, juu ya upande wake mwingine nilishika mimi. Nilisema vile. Rajabu akaniambia kwamba hakuna anayenilaumu mimi. Sikujua bado kosa lilitoka wapi, na bila kujua, maneno yangu hayakuwa na uzito.

Siku mbili baadaye walileta mupiga picha kwa ajili ya ripoti. Kipofu alikuwa amevutwa juu, shingo imevunjika, wamemulaza karibu na jiwe la saba. Rajabu alikuwa anatupanga, huyu hapa, yule pale. Akaniambia nami: "Mama Feza, simama mbele ya lile jiwe."

Nikaenda nikasimama. Watu wakaanza kucheka. Jiwe la saba ni kubwa, linanifika kifuani, na kwenye picha ingeonekana paka kilemba changu tu.

"Mama, nimesema mbele."

"Niko mbele."

"Mbele ni huku, kwangu," Rajabu akasema, akionyesha miguu yake. "Huko uliko ni nyuma."

Nilisimama pale ng'ambo ya jiwe, nikalitazama upya. Kwetu, mukienda njiani, jiwe linakwenda nanyi. Mumewaona watu wa baiskeli za samaki wakifuatana: anayekutangulia anakugeuzia mugongo. Jiwe pia. Upande wake wa kwako ni nyuma, na mbele yake ni kule unakokwenda. Wabemba wanasema vile, njo maana Chola na mimi hatukuwahi kuulizana. Kwa Rajabu, jiwe ni mutu aliyesimama kukusalimia, uso wake uko kwako. Mita moja na nusu upande huu, mita moja na nusu upande ule. Mita tatu. Alikuwa amesahihisha kila herufi ya lile neno kwenye kaye yangu kwa miezi mitano, na maana yake hakuiuliza hata mara moja. Nami pia sikumuuliza yeye anasomaje.

Nikazunguka jiwe, nikasimama alipotaka, nikapigwa picha. Muko nayo kwenye korido ya ofisi. Mukiitazama vizuri mutaona nimefungua mudomo.

Mutategemea nilisema pale pale. Sikusema. Nilinyamaza siku kumi na moja, na hapa sina mutu wa kumucheka zaidi ya mimi mwenyewe. Siku ya kumi na mbili njo mukataba wangu ulikuwa utiwe sahihi upya, na karatasi yangu ya kuishi nje ya kambi ilining'inia kwenye ule mukataba. Aliyeandika lile neno ni mimi. Nikajiambia: Feza, nyamaza kwanza, watie sahihi, halafu utasema. Nikaona ni akili. Nimeidharau kofia ya Bwana Kofia miaka mingi, lakini ile akili yangu naidharau zaidi.

Siku ya tano nilipita Kabuta kununua samaki. Watu walikuwa wamehamisha jina. Kipofu hakuwa tena mutambo, Kipofu alikuwa Tata Chola. Mwanamuke aliyeniuzia samaki alinieleza huku akicheka kwamba wazungu wamegundua muzee alikuwa anapima bila kuona. Na jirani mumoja wa Chola, ambaye mupaka wake ulimuuma miaka yote, alikuwa amevuta vigingi vitatu na kusogea, akisema hadharani kwamba mupaka uliopimwa na kipofu si mupaka. Wengine walikuwa wanaangalia vigingi vyao na kufikiri. Niliviona vile vitatu vimelala katikati ya mihogo, vichwa vyake vimechongwa na kisu cha Chola. Nikachukua samaki wangu nikarudi nyumbani, nikawapika, na tukala.

Siku ya kumi na mbili walitia sahihi saa tatu asubuhi. Saa ine, wakati wa chai, niliingia ofisini nikaweka termosi kubwa katikati ya meza. Nikamupa Rajabu kikombe, nikamuomba akiweke mbele ya termosi. Akakiweka upande wake, bila kufikiri. Nikamuita dereva wetu, mutu wa Mansa, musemaji wa Kibemba aliyejua Kiswahili cha sokoni, nikamupa kikombe cha pili, nikamuomba vilevile. Dereva akanyoosha mukono, akakipitisha termosi, akakiweka ng'ambo yake. Nikafungua kaye kwenye ukurasa wa jiwe la saba, nikaiweka katikati ya vikombe viwili, nikakaa.

Rajabu alitazama vikombe, akatazama kaye. Alianza kusema kwamba katika Kiswahili sanifu, halafu akaacha. Nimupe haki yake, hakuwa mujinga, alikuwa paka na kiburi cha shule. Alitoka kwenye baraza akamupigia mama yake simu kule pwani, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie, akamuuliza mbele ya jiwe ni upande gani. Yule mama akasema: "Mbele kwa anayekwenda, au mbele kwa anayetazama, mwanangu?"

Yule mama hajawahi kuona Mweru, na Mars asingeijua hata ikimugongea mulango, na njo peke yake katika mradi wote aliyeuliza swali. Rajabu alirudi akaketi na hakunywa chai yake.

Bwana Kofia alitafsiriwa, akaelewa haraka, kabla biskuti yake haijakwisha. Nikamuomba arekebishe ripoti. Akasema ripoti imekwisha kwenda, imekwisha kukubaliwa, na tena, ukifikiri vizuri, "kosa la binadamu" bado ni kweli, kwani sisi sote ni binadamu. Muandike ile sentensi fasi nzuri, vijana, itawafaa mukitaka kuwa wakubwa. Alikubali mambo mawili: Tata Chola anaweza kurudi kazini, na kwenye kaye tutaandika paka "upande wa ziwa" na "upande wa barabara," juu ya ziwa haligeuki mutu akigeuka. Ile karatasi ya ukutani niliiandika mimi jioni ile. Rajabu aliisoma, akaigonga kwa stempu, na kwa mara ya kwanza hakusahihisha kitu. Aliondoka mwaka uliofuata. Mpaka leo ananitumia salamu za sikukuu, na anaandika "mutu" kwa herufi zote, sijui ni heshima ao ni mzaha. Nadhani ni heshima.

Mchana ule ule nilikwenda Kabuta. Nilimukuta Tata Chola kwenye ule mupaka, amepiga magoti kwenye mihogo, miwani imekaa kwenye pua, anarudisha kigingi cha kwanza. Jirani alikuwa amesimama mulangoni kwake akimutazama, mikono kifuani. Nikamueleza Chola yote, neno, jiwe, picha, vikombe. Nikamwambia kazi yake iko. Aliendelea kugonga kigingi. Aliniuliza swali moja la kipimo, sawa kawaida yake: kutoka ile siku ya picha mpaka leo ni siku ngapi? Nikamwambia.

Aliweka nyundo chini. Alizoea kusema nami Kibemba, lakini mara ile alitafuta Kiswahili chetu, kipande kwa kipande, ili nisije nikasema sikuelewa.

"Ile siku kumi na moja, mama, weye ulikuwa mbele yangu ao nyuma yangu?"

Ningeweza kucheza na lile neno. Sote wawili tulijua sasa kwamba linageuka. Lakini mutu si jiwe, ana uso na ana mugongo, na nilijua nilijificha wapi.

"Nyuma yako, Tata."

"Andika vile," akasema, akachukua nyundo.

Hakurudi kazini. Alizunguka Kabuta yote akipima upya mipaka yake mumoja mumoja, bila kulipisha mutu, na kila kigingi kilikutwa fasi yake. Watu waliona, wakakubali, lakini jina halikumutoka. Nanyi mulimukuta nalo, mukadhani anaitwa vile juu ya macho, juu ya sasa macho yamekwisha kweli, ni uzee. Nimewasikia mukimusalimia, "Mulishani, ba Kipofu," kwa adabu yote.

Nami lile jibu sikuliandika. Niliandika miaka mingi baada ya siku ile, kaye juu ya kaye, upande wa ziwa, upande wa barabara, na hakuna kipimo changu kilichorudishwa. Wananiambia ninaacha ukweli wa chini ulio safi kuliko wa vituo vyote. Ni safi. Kuna paka kipimo kimoja ambacho hakikuingia, na nilikuwa na kalamu mukononi siku zote.

Kwa hiyo hii karatasi si yenu peke yenu. Jumamosi nitaipeleka Kabuta kumusomea, juu ya yeye hawezi tena kusoma. Nitasoma mambo ya kamba, na ya chisense, atacheka. Nikifika hapa nitasoma polepole, kwa Kibemba na kwa Kiswahili, ili asiniulize mara ya pili.

Nilikuwa nyuma yako, Tata. Siku kumi na moja. Nimeandika.